Keria Imara kwa Land Cruiser ya Porini: Kuichagua, Kuifunga na Kuipakia

Mtu akienda kwa fundi kuagiza keria, mazungumzo huanzia juu: urefu wake, idadi ya madumu itakayobeba, mahali pa kukaa taa. Nakushauri uanzie chini, kwenye miguu. Keria nyingi zinazorudi gereji zimekatika au kulegea pale mguu unaposhika gata ya paa (ule mfereji mdogo wa bati unaopita pembeni mwa paa), au pale mguu ulipochomelewa kwenye bomba. Uzito peke yake mara nyingi haufikishi hapo. Mtikisiko ndio unaomaliza kazi. Barabara ya vumbi inayoshuka kutoka Ngorongoro kwenda geti la Naabi la Serengeti, au ile ya Mto wa Mbu hadi Engaresero karibu na Ziwa Natron, hulitikisa gari muda mrefu bila kulipumzisha. Kila mtikisiko unavuta boliti kidogo, na boliti iliyoanza kulegea haijikazi yenyewe.

Mwongozo huu nimeuelekeza kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70, hasa hadtopu ndefu ya 78, ile ambayo wengi wetu tunaiita mkonga. Toyota walianza kuuza mfululizo huu mwaka 1984, na gata ya paa ipo mpaka leo. Mengi ya hapa yanafaa pia kwa Defender 110 za zamani, maana nazo zina gata. Prado nyingi na Land Cruiser 100 hazina. Hizo hufungwa kwenye reli au matundu ya kiwandani, na keria yake ni lazima iwe imetengenezwa kwa gari hilohilo.

Kwanza pima mzigo, kwa mizani

Andika kwenye karatasi kila kitu unachotaka kukiweka juu, kisha upime. Mizani ya dukani inatosha. Usikadirie kwa mkono, kwa sababu mkono husahau chombo chenyewe na vile vidude vidogovidogo.

Lita 20 za maji ni kilo 20 kabla hujahesabu dumu. Lita 20 za dizeli ni karibu kilo 17, na jerikeni la chuma linaongeza kama kilo 4. Tairi la akiba la saizi ya 7.50R16 likiwa na rimu ya chuma hupita kilo 30. Jeki ya Tanganyika ile ndefu ni kama kilo 13. Hema la juu ya gari kwa kawaida ni kilo 50 hadi 70. Ukichukua majerikeni mawili ya dizeli, madumu mawili ya maji, tairi, jeki, hema, sepeto na vibao vya kutokea kwenye mchanga, tayari unakaribia kilo 200, na hujahesabu keria yenyewe.

Sasa chukua kalamu ukate. Maji yashuke ndani, sakafuni, nyuma ya viti vya mbele. Jeki ikae kwenye bampa au ifungwe sakafuni. Dizeli ya ziada ni bora iwe kwenye tangi la pili chini ya gari. Petroli kamwe usiipandishe juu: jua linaipasha joto, mvuke unatoka, na gari likipinduka mafuta yanamwagika mahali ambapo watu wanajaribu kutokea. Kinachostahili kukaa juu ni kile kikubwa lakini chepesi: mahema, magodoro, viti vya kukunja, vibao vya mchanga, masanduku ya nguo.

Soma kiwango cha paa, halafu kipunguze

Watengenezaji wengi huandika kwenye kitabu cha gari uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba. Watu hukosea mara mbili hapo. Kosa la kwanza ni kusahau kwamba keria yenyewe imo ndani ya uzito huo. La pili ni kuchanganya uzito wa gari linalotembea na wa gari lililosimama. Mfano mzuri ni Defender mpya iliyotangazwa mwaka 2019: paa lake limeandikiwa kilo 168 gari likitembea na kilo 300 likiwa limesimama. Namba ile kubwa ni ya watu kulala kwenye hema wakiwa wamepaki. Usiichukue kama ruhusa ya kupakia mzigo na kuondoka.

Namba ya gari linalotembea nayo ni ya barabara nzuri. Baadhi ya watengenezaji wa keria hushauri kuipunguza kwa thuluthi gari linapokwenda njia mbovu. Paa lililoandikiwa kilo 150 libebeshe kilo 100 porini. Ikiwa keria yako ina kilo 60, umebakiwa na kilo 40 tu za mzigo. Hesabu hii ndogo inakuonyesha kwa nini keria ya chuma kizito, iliyochomelewa kwa fahari na mabomba mengi, inaweza kumaliza ruhusa yote kabla hujapandisha hata godoro moja.

Kama kitabu cha gari kimepotea, nenda kwa wakala wa Toyota na namba ya chesisi. Usichukue namba ya gari la jirani, kwa kuwa hata ndani ya mfululizo mmoja mabodi hutofautiana.

Kagua gata na paa kabla ya kutoa pesa

Hapa usiwe na haraka. Osha gata yote kwa maji na brashi, iache ikauke, kisha chukua bisibisi bapa. Pita nayo taratibu kutoka mbele hadi nyuma ukibonyeza chini ya gata, hasa pembe mbili za juu ya kioo cha mbele na pale gata inapopinda kwenda nyuma. Chuma kizima kinarudisha mlio mkavu na bisibisi haiachi alama. Chuma kilichooza kinabonyea, rangi inapasuka vipande, na chini yake unaona unga wa kahawia. Ukiona hivyo, hakuna keria hadi gata ikatwe na kuchomelewa upya. Kupaka silikoni juu ya kutu ni kuifunika tu iendelee kula.

Jaribio la pili ni sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa. Ipitishe juu ya gata na kwenye nguzo za pembeni. Isiposhika, hapo pamejazwa puti, ile rojo ya kuzibia mashimo ya bodi, na puti haibebi kitu.

Magari ya watalii yanahitaji jicho la pekee. Arusha kuna hadtopu nyingi zilizokatwa paa ili lifunguke kwa juu, na nyingine zimerefushwa na kujengewa bodi upya. Paa likikatwa, yale mataruma yanayovuka chini ya bati nayo hukatwa, na nguvu ya paa hupungua. Fungua kitambaa cha dari uone kama aliyekata aliweka fremu ya chuma kuzunguka tundu na kuiunganisha na nguzo. Asipoweka, anza na fremu. Kwa gari lililorefushwa, hakikisha gata imeungana na nguzo za bodi. Gata iliyobandikwa kwa pembeni kama urembo itakung'okea njiani.

Chuma au aluminiamu

Kwa ujazo uleule, aluminiamu ina uzito wa kama thuluthi moja ya chuma. Bomba la mraba la chuma la milimita 25 kwa 25, unene milimita 2, lina karibu kilo 1.4 kwa mita. Keria ya hadtopu inayotumia mita 40 za bomba hilo inafika kilo 56 kabla ya miguu na wavu. Ya aluminiamu hulazimika kuwa na mabomba manene zaidi, lakini bado mara nyingi hutoka na nusu ya uzito huo.

Kwa maoni yangu, anayeweza kumudu aluminiamu nzuri iliyoungwa kwa boliti aichukue, hasa kama anaishi pwani au anasafiri huko mara kwa mara. Chuma ninakipendekeza kwa gari la kazi linalorushiwa matairi na vyuma kila siku, au linalokaa mbali na mji. Faida yake kubwa ni kwamba kinachomeleka karibu popote penye jenereta na fundi, wakati aluminiamu ikipasuka njiani unabaki kuifunga kwa waya mpaka urudi mjini.

Ukichagua chuma, mwambie fundi mambo matatu. Mzigo ubebwe na mabomba yanayovuka kutoka upande hadi upande, tena yaanguke juu ya miguu au karibu nayo. Kila bomba litobolewe tundu dogo upande wa chini, maana maji hupenya kwenye maungio na kuozesha bomba kutokea ndani huku nje linang'aa. Na mabomba yachomelewe kuzunguka pande zote. Vidoa vya kushikizia peke yake havitoshi. Baada ya hapo piga msasa, redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), ndipo rangi.

Umbo nalo lina maneno. Keria bapa, ya chini, hukata upepo vizuri na haikushawishi kurundika. Ile yenye kuta ndefu kama kitanda hushikilia mzigo vizuri, ila kila ukiona nafasi utaongeza kitu. Kuta za sentimita 10 zinatosha. Mbele isipite juu ya kioo, kwa sababu upepo hukiinua kile kipande kilichojitokeza na kuvuta miguu ya mbele kwenda juu. Kati ya keria na bati acha nafasi ya kupitisha mkono wenye kitambaa, basi. Ukiinua zaidi ya hapo unaongeza kimo cha mzigo bure.

Miguu

Hadtopu ya 78 ipewe miguu minne kila upande. Mitatu ni ya mzigo mwepesi. Kila mguu ukae ndani ya gata kwa urefu wa sentimita 10 au zaidi, ili uzito usambae badala ya kuchoma sehemu moja. Nyuma ya gata kuwe na bamba linalobana kutoka chini, pana kiasi kilekile. Panga miguu iwe karibu na nguzo za bodi, yaani pale mlango unapoanza na unapoishia, kwa kuwa nguzo ndizo zinazopeleka uzito chini. Mguu uliokaa katikati ya dirisha refu la nyuma unaning'inia kwenye bati tu.

Boliti ziwe za spana namba 13, zenye alama ya 8.8 kichwani (kiwango cha uimara wa boliti), na nati zenye nailoni ndani. Boliti laini za dukani zisizo na alama ziache kwenye shelfu. Ukitumia boliti za stenlesi kwenye aluminiamu, weka washa za plastiki katikati na grisi kidogo. Metali hizi mbili zikikutana na maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na utaiona inatoa unga mweupe kuzunguka boliti.

Kuifunga, siku yenyewe

Tafuta sehemu tambarare, watu wanne, blanketi mbili kuukuu, tepu ya kupimia, spana, na toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Fanya asubuhi, bati lililochomwa na jua la mchana haligusiki.

1. Safisha gata, piga msasa palipochubuka, paka rangi na uiache ikauke kabisa. Rangi mbichi chini ya mguu hubanduka na kuacha bati wazi.

2. Unganisha keria chini, kwenye ardhi, boliti zote zikiwa za kukazwa kwa vidole. Pima kona kwa kona kwa mshazari. Vipimo viwili vikilingana, keria imenyooka. Visipolingana, isukume hadi vilingane, kwa sababu ikishapanda juu haitakusikiliza.

3. Bandika ukanda mwembamba wa plastiki ngumu au tepu nzito ya kulinda rangi mahali kila mguu utakapokaa. Kipande kinene cha tairi, ambacho mafundi wengi hupenda, hakifai hapa: kinabonyea kadiri gari linavyotikisika, boliti inabaki na nafasi, na kinatunza maji.

4. Tandika blanketi juu ya paa, moja mbele na moja nyuma. Pandisheni keria kutoka nyuma, wawili wakiinua na wawili wakiipokea pembeni juu ya ngazi. Asisimame mtu katikati ya bati.

5. Pima kutoka pembe ya juu ya kioo cha mbele hadi ukingo wa keria, kushoto na kulia. Tofauti isizidi milimita chache. Hapo hapo fungua milango yote, ya nyuma pia, fungua paa la watalii kama lipo, tazama mkonga wa hewa (bomba refu la kuvutia hewa ya injini) na antena. Mlango unaogusa sasa utapiga kwa nguvu gari likijikunja korongoni, kwa hiyo acha nafasi ya vidole viwili.

6. Weka mabamba ya kubana na ukaze kwa awamu tatu. Anza na miguu ya katikati, kulia kisha kushoto, halafu mbele, halafu nyuma. Awamu ya kwanza ni ya kushikisha tu, ya pili nusu, ya tatu kwa kipimo. Boliti ya namba 13 yenye alama ya 8.8 hupokea kama Newton mita 20 hadi 25 (kipimo cha nguvu ya kukaza kinachosomwa kwenye toki renchi), lakini kama keria imekuja na karatasi ya kiwandani, fuata karatasi. Ukikaza kupita kiasi utaona gata inaanza kufumba mdomo; legeza mara moja.

7. Chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba lake, kila mguu. Mstari ukivunjika, nati imezunguka. Utaliona hilo ukiwa umesimama chini, bila spana.

8. Pima kimo kipya cha gari kutoka ardhini hadi kitu cha juu kabisa, ukiandike kwenye kipande cha karatasi na kukibandika mbele ya dereva. Maegesho ya chini ya hoteli na mageti yenye boriti hayasamehi.

Ukiweka taa, usitoboe bati. Waya ushuke kwa kufuata gata na nguzo ya mbele upande wa mkonga wa hewa, ndani ya bomba la plastiki. Taa ya wati 120 kwenye umeme wa volti 12 inavuta ampea 10. Weka fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri, na rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme mdogo.

Kilomita za mwanzo

Endesha kilomita 10 za mjini bila mzigo, simama, pita na toki renchi. Kisha nenda kilomita 50 za barabara ya vumbi ukiwa na nusu ya mzigo, urudie. Nati kusogea kidogo mara ya kwanza ni kawaida, rangi na plastiki vinapokaa sawa. Ikisogea tena mara ya tatu, kuna tatizo: mguu haujakaa vizuri kwenye gata, au bamba limepinda. Lishughulikie kabla ya safari. Kukaza tena na tena hakutalimaliza.

Kupakia na kuendesha

Vizito vikae katikati ya keria, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, vikilazwa. Tairi la akiba, kama lazima liwe juu, lilale bapa na lifungwe kwa boliti yake. Tumia mikanda ya racheti, angalau miwili kwa kila kitu kizito, ikivutana pande tofauti. Kamba ya katani hukaza ikilowa na kulegea ikikauka, kwa hiyo mvua ya asubuhi inakudanganya hadi mchana. Mipira ya tyubu ibaki kwa turubai tu. Turubai lenyewe lifunikwe kutoka mbele kwenda nyuma, ukingo wa mbele ukipigwa chini ya mzigo, upepo usipate mdomo.

Gari litabadilika, na dereva ajue hivyo. Chukua hadtopu ya kilo 2,300 ambayo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 75 kutoka ardhini. Ukiweka kilo 150 kwenye kimo cha mita 2.2, kitovu kinapanda karibu sentimita 9. Kwenye lami mnyoofu huwezi kuona tofauti. Kwenye kona ya vumbi, au ukivuka mteremko kwa ubavu, sentimita hizo ndizo zinazoamua kama gurudumu la juu linabaki ardhini. Punguza mwendo kabla ya kona, wala si ndani yake. Korongo likabili moja kwa moja, na mteremko wa ubavu uukwepe hata kama unalazimika kuzunguka. Springi za nyuma zilizochoka na shokapu zinazovuja mafuta zibadilishwe kabla ya keria kupanda, kwa sababu keria huongeza kuyumba. Matawi ya migunga nayo sasa yako kwenye kimo cha mzigo wako, kwa hiyo utingo ateremke kuangalia.

Kila jioni safarini, dereva azunguke gari akitazama ile mistari nyeupe na kupitisha mkono chini ya maungio kutafuta ufa. Mara nyingi ufa huanza kama mstari mwembamba wa kutu palipochomelewa. Kila baada ya miezi 6 toa miguu, safisha gata, paka rangi palipochubuka, na uweke nati mpya, maana ile nailoni hulegea ikifunguliwa mara kadhaa. Na kama gari linakaa mjini wiki nyingi bila safari, ishushe keria. Kazi ya kuipandisha tena ni ya asubuhi moja, na huku nyuma umeokoa dizeli na matairi.